Jina Lako Litukuzwe: Ombi Tunalolipita Mbio

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Nimeombwa niseme juu ya maneno matatu tu ya Sala ya Bwana: jina lako litukuzwe. Nilifurahi kupewa sehemu hii, maana huhubiriwa kwa nadra. Mafundisho juu ya riziki yapo tele. Juu ya kusamehe na kusamehewa, vivyo hivyo. Juu ya jina, tunapita.

Hata tukiisali pamoja tunapita. Sikilizeni mwendo wetu siku moja. Tunaanza "Baba yetu" kwa utulivu, kisha ulimi unashika njia yake. Jina, ufalme, mapenzi, vyote vinakwenda kwa pumzi moja, na mtu anakuja kuzinduka kwenye riziki. Hapo akili inarudi, maana hapo pana madeni, pana mgonjwa, pana kazi isiyopatikana. Silaumu mtu. Lakini Bwana aliyetufundisha sala hii alijua kwamba tuna njaa. Amesema mwenyewe, katika sura hiyo hiyo ya sita ya Mathayo, kwamba Baba anajua tunayoyahitaji kabla hatujamwomba. Pamoja na kujua hayo, ametanguliza jina.

Tena wengi wetu tukiyatamka maneno haya tunadhani tunamsifu Mungu. Tunayafanya utangulizi wa heshima kabla ya kufika kwenye shida zetu. Sivyo. Ni ombi, na ndilo ombi la kwanza. Yanayofuata yote yana umbo hilo hilo: ufalme uje, mapenzi yatimizwe, riziki tupewe, deni tusamehewe. Anayeomba riziki anakiri kuwa hana. Basi anayeomba jina la Mungu litukuzwe anakiri nini? Anakiri kwamba kuna mahali halitukuzwi, na kwamba yeye peke yake hawezi kulitengeneza jambo hilo, ndiyo sababu analipeleka kwa Baba.

Hapo swali linazuka, nalo ni la zamani. Mungu amepungukiwa nini hata jina lake liombewe? Sipriani, askofu wa Karthago aliyeuawa kwa ajili ya imani mwaka 258, alilijibu hivi: hatumwombi Mungu atakaswe kwa maombi yetu, maana ni nani wa kumtakasa yeye anayetakasa wote? Tunaomba jina lake litakaswe ndani yetu. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, Martin Luther katika katekisimu yake ndogo ya mwaka 1529 alisema karibu yale yale: jina la Mungu ni takatifu lenyewe, ila tunaomba liwe takatifu na kwetu pia. Watu wawili wa nyakati mbali, wa makanisa yasiyofanana, na jibu moja. Nami sina la kuongeza juu ya jibu hilo. Ninachotaka tukitazame leo ni hiki: kama ndani yetu ndipo jina linapotakiwa kutukuzwa, basi ndani yetu ndipo linapochafuka.

Lakini kwanza, jina ni nini? Musa alipoomba pale Sinai aonyeshwe utukufu wa Mungu, hakuonyeshwa umbo wala uso. Alitangaziwa jina. BWANA akapita mbele yake akalitangaza: Mungu mwingi wa huruma, mwenye fadhili, si mwepesi wa hasira, mwingi wa rehema na kweli, mwenye kusamehe uovu, wala si mwenye kumhesabia mwovu kuwa hana hatia. Someni Kutoka 34. Kwa hiyo jina hapa ni zaidi ya namna ya kumwita. Ni vile Mungu alivyo, na vile anavyotaka ajulikane na watu wake. Jina la Mungu likitukuzwa mahali, watu wa mahali pale wanamjua hivyo: mwenye huruma, mkweli, asiyempendelea mwovu. Likichafuka, wanamdhania kuwa mwingine.

Niseme jambo moja pembeni, kwa sababu linatusaidia kuona ombi hili lilikuwa na uzito gani kwa watu wa Bwana Yesu. Wayahudi wanayo sala iitwayo Kadishi, kwa lugha ya Kiaramu. Inaanza kwa kuomba jina kuu la Mungu likuzwe na litakaswe katika ulimwengu aliouumba kwa mapenzi yake, kisha inaomba ufalme wake usimame upesi. Mnasikia ilivyo ndugu wa Sala ya Bwana. Na Kadishi husemwa na waliofiwa. Mtu amemzika baba yake, anasimama mbele ya kusanyiko, na sala anayoisema haina neno hata moja juu ya kifo. Inatanguliza jina. Mimi naona pale kuna imani kubwa kuliko hotuba nyingi za mazishi, zangu zikiwemo.

Sasa tuje kwa Ezekieli, maana nadhani ndiye anayetupa ufunguo. Ezekieli alichukuliwa mateka Babeli mwaka 597 kabla ya Kristo, na baadaye habari zikamfikia huko huko kwamba Yerusalemu umeanguka. Katika sura ya 36 anasikia malalamiko ya Mungu. Israeli walipotawanyika katika mataifa, kila walikofika walilitia unajisi jina lake takatifu. Kwa namna gani? Mataifa walikuwa wanawaangalia na kusema: hawa ni watu wa BWANA, nao wametoka katika nchi yake. Basi. Hakuna matusi zaidi ya hayo. Walikuwa wanasoma habari za Mungu katika hali ya watu wake, na walichokisoma hakikuwa kizuri. Kisha Mungu anasema neno ambalo, tukilisikia vizuri, linatunyamazisha: ninalotenda silitendi kwa ajili yenu, bali kwa ajili ya jina langu takatifu, nami nitalitakasa jina langu kuu, mlilolitia unajisi.

Angalieni aliyechafua ni nani na anayesafisha ni nani. Waliochafua ni walinzi wenyewe wa jina. Anayesafisha ni Mungu. Bwana Yesu alipotufundisha kusema "jina lako litukuzwe" alitupa nafasi ya kumwomba Mungu afanye kile alichoahidi kwa kinywa cha Ezekieli. Na kwa sababu hiyo ombi hili lina kisu ndani yake. Huwezi kuliomba kwa ajili ya watu wengine tu.

Mtoto akitukana wakubwa njiani, watu hawaulizi jina lake yeye. Huuliza, "Huyu ni mtoto wa nani?" Baba yuko nyumbani, hana habari, na jina lake limeshachafuka barabarani. Mtoto wa jirani hana uwezo huo, hata atukane mchana kutwa. Anao yule tu ambaye jioni atarudi aseme, "Baba, shikamoo." Sasa sala yetu inaanzaje? Inaanza kwa kumwita Mungu Baba, na pumzi inayofuata ni jina. Sidhani mpangilio huo umetokea kwa bahati. Makuhani wa Israeli walipewa kazi ya kuliweka jina la Mungu juu ya watu. Imeandikwa katika Hesabu 6, mara tu baada ya ile baraka tunayoijua sote. Nasi tulibatizwa kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Tunalibeba tupende tusipende. Tunakwenda nalo kazini, sokoni, mahakamani, kwenye kikao cha ukoo cha kugawana urithi.

Twendeni Yerusalemu, siku za mfalme Sedekia, tuone jina linavyochafuka kwa karibu. Jeshi la Nebukadreza, mfalme wa Babeli, limekuja. Miji yenye boma iliyosalia katika Yuda, ukiacha Yerusalemu, ni Lakishi na Azeka. Yeremia anaitaja katika sura ya 34. Watu wameshikwa na hofu, na hofu imewakumbusha sheria. Torati ilisema Mwebrania aliyeuzwa kuwa mtumwa atumike miaka sita, mwaka wa saba aachwe huru, tena asiende mikono mitupu. Sheria hiyo baba zao hawakuijali. Sasa adui yuko ukutani, na mfalme anafanya agano na watu wote kwamba kila mtu amwache huru mtumwa wake Mwebrania, mwanamume na mwanamke. Wanakata ndama vipande viwili, wanapita katikati ya vipande. Agano linafanyika ndani ya nyumba iliyoitwa kwa jina la Mungu. Na kweli wanawaachia.

Fikirini mjakazi mmoja asubuhi hiyo. Ametumika labda nusu ya umri wake katika nyumba ya mtu. Anakunja vitu vyake, anatoka mlangoni, hakuna wa kumzuia. Wakuu wameapa, kuhani ameapa, mfalme ameapa. Ni lazima alimshukuru Mungu kwa jina.

Kisha jeshi la Misri likatoka, Wakaldayo, yaani hao watu wa Babeli, wakasikia, wakauacha mji kwa muda. Hatari ilipopungua, mabwana wakahesabu hasara. Nani atateka maji? Nani atasaga? Wakawafuata walikokwenda, wakawarudisha, wakawatia utumwani tena. Yule mjakazi amerudishwa mlango ule ule.

Ndipo neno la BWANA likamjia Yeremia. Mungu anawakumbusha Torati, anawakumbusha agano, kisha anasema: mligeuka, mkalitia unajisi jina langu, kila mtu alipomrudisha mtumwa wake. Hakuna mtu aliyemtukana Mungu katika habari hii. Hakuna sanamu iliyosimamishwa. Kilichotokea ni biashara ya nyumbani tu, mtu na mfanyakazi wake. Mungu akaiita kwa jina lake: kulinajisi jina.

Kuna kitu kimoja nje ya Biblia kinachonifanya niisome sura hiyo kwa uchungu zaidi. Mwaka 1935 wachimbuaji wa mambo ya kale walipata katika magofu ya Lakishi vigae vilivyoandikwa kwa wino, barua za kijeshi za siku zile zile za mwisho wa Yuda. Moja inasema wanatazamia ishara za moto za Lakishi, kwa kuwa za Azeka hawazioni. Na barua kadhaa zinafunguliwa kwa salamu ya kumwomba BWANA amjalie mpokeaji kusikia habari za amani. Jina lenyewe, herufi zake zote nne za Kiebrania, liko pale kwenye kigae cha chungu kilichovunjika. Kwa hiyo msidhani watu wale walikuwa wamemsahau Mungu. Jina lake lilikuwa katika salamu zao za kila siku, kama lilivyo katika zetu. Walisalimiana kwalo, waliapa kwalo, na walivunja kiapo wakiwa bado wanasalimiana kwalo.

Nataka hapa niwe mkweli: sisi tunaogopa sana matusi, na tunafanya vizuri kuyaogopa. Ile amri ya kutolitaja bure jina la Mungu, ambayo wengine wanaihesabu ya pili na wengine ya tatu, tumeifundisha watoto wetu. Lakini tumeifanya kuwa amri ya mdomo. Manabii waliijua kuwa ni amri ya mwenendo mzima. Amosi anawashitaki wanaowakanyaga maskini, na pia mtu na baba yake wanaomwendea msichana mmoja, na anasema wanafanya hivyo hata kulitia unajisi jina takatifu la Mungu. Kwa hiyo mtu anaweza kuishi miaka sabini bila kuapa hata mara moja, na jina la Mungu likawa taabani mikononi mwake kwa sababu ya mishahara aliyoikalia.

Malaki anaupeleka mwanga hekaluni. Huyu aliishi baada ya uhamisho, hekalu limeshajengwa upya, ibada imerudi. Mungu anauliza swali ambalo limeunganisha Baba na jina kabla Sala ya Bwana haijafundishwa: mwana humheshimu baba yake, basi ikiwa mimi ni baba yenu, heshima yangu iko wapi? Anawaambia makuhani, ninyi mnalidharau jina langu. Nao wanajibu kwa mshangao wa kweli: tumelidharau kwa jinsi gani? Hawajui. Wanafika kila siku, mavazi yako sawa, moto unawaka. Mungu anawaonyesha mnyama aliye madhabahuni: kipofu. Mwingine kilema. Mwingine mgonjwa. Haya, anasema, mpelekee liwali wako. Je, atakuwa radhi nawe?

Swali la liwali ni kali kwa sababu tunalijua jibu. Mgeni rasmi akija tunajiandaa kwa majuma. Hatumpi kiti kibovu. Tunapima maneno ya risala, tunafuta, tunaandika upya. Kisha mhubiri anapanda madhabahuni na jambo alilolifikiria akiwa njiani, kwaya inaimba wimbo ambao haikuufanyia mazoezi, na mhasibu wa kanisa anasoma hesabu ambazo yeye mwenyewe hazielewi. Tunasema, "Mungu anaangalia moyo." Kweli anaangalia moyo. Malaki anasema ndani ya moyo aliona dharau. Sisemi haya juu ya wenye kidogo. Maskini aliyeleta hua wawili kwa sababu hakuwa na mwana-kondoo, Torati ilimpokea bila neno. Malaki anamlaani mwenye mnyama mzima zizini ambaye anamficha.

Sasa niguse jambo ambalo litawaudhi baadhi, na mtanisamehe. Liko tendo baya kuliko kulitaja jina bure, nalo ni kulitumia. Katika Matendo 19 tunasoma habari za wana saba wa Skewa huko Efeso. Waliona jina la Yesu lina nguvu, wakalichukua wakaanza kupungia pepo kwalo: nawaapisha kwa Yesu, yule anayehubiriwa na Paulo. Hawakuwa na habari naye. Walikuwa na haja na matokeo. Pepo akawajibu, "Yesu namjua na Paulo namfahamu, lakini ninyi ni akina nani?" Wakatoka mle nyumbani mbio, uchi na wenye majeraha. Luka anaimalizia habari ile kwa kusema jina la Bwana Yesu likatukuzwa. Yaani jina lilipata heshima yake kwa waliolitumia kuaibika.

Leo jina linatumikaje? Kijana anamwambia binti, "Bwana amenionyesha kwamba wewe ni mke wangu." Binti afanyeje? Akikataa, amemkataa nani? Kijana amelifanya jina la Mungu kuwa mkono wa kumshika mtu asiondoke. Mhubiri anamwambia mjane, "Bwana anasema toa hicho ulichokiweka akiba." Kiongozi anaulizwa matumizi ya fedha, anajibu, "Msimguse masihi wa Bwana." Kila mara hapo mtu amelichukua jina akaligongesha kama muhuri juu ya mapenzi yake mwenyewe. Yeremia aliwajua wa namna hii katika zama zake, wakisema "nimeota ndoto, nimeota ndoto" wakati Mungu hakuwatuma. Mimi nikisikia mtu anasema "Mungu ameniambia" mara tatu kwa wiki, na kila alichoambiwa kinamfaidi yeye, basi nakaa mbali.

Nyuma ya matumizi hayo pana shindano la majina. Waliojenga mnara kule Shinari walisema waziwazi: tujifanyie jina. Sura inayofuata Mungu anamwita Abramu na kumwambia, mimi nitalikuza jina lako. Mtu hakukatazwa kuwa na jina, anapewa. Na tazameni Sala ya Bwana imewekwa wapi katika Mathayo: katikati ya onyo juu ya watu wanaotoa sadaka kwa tarumbeta, wanaosali kwenye pembe za njia ili waonekane, wanaofunga wakikunja uso. Hao wote wanaomba, lakini ukiyakamua maombi yao yanatoa ombi moja: jina langu litukuzwe. Hata Musa aliteleza hapo. Kule Meriba, amechoka na manung'uniko, aliupiga mwamba akisema, "Je! Tuwatokezee maji katika mwamba huu?" Maji yakatoka, watu wakanywa, na Mungu akamwambia kwamba hakumstahi mbele ya macho ya wana wa Israeli. Muujiza ulifanyika, na jina la Mungu halikutukuzwa. Wenye huduma kubwa na tutafakari hilo.

Je, maana yake ni kwamba mwenye shida aache shida yake, aseme tu juu ya jina? Hapana. Riziki iko kwenye sala hiyo hiyo, na mtu mmoja wa Agano la Kale aliviona viwili hivyo vikikaa pamoja. Ni Aguri, katika Mithali 30. Anaomba asipewe umaskini wala utajiri, alishwe chakula kadiri ya haja yake. Kwa nini? Asije akashiba akamkana Mungu, akasema, BWANA ni nani? Wala asiwe maskini sana, akaiba, akalitaja bure jina la Mungu wake. Anaomba chakula huku jicho lake liko kwenye jina. Hapo ombi la kwanza limeingia ndani ya ombi la riziki na kulitengeneza. Ukilianza jina kwa kweli, utaendelea kuomba kazi, lakini kuna kazi hutaiomba. Utaomba ushinde kesi, ila si kwa shahidi wa kununuliwa.

Na sasa tumfikie Bwana mwenyewe, kwa sababu hakutufundisha ombi asilolisali. Yohana 12. Wayunani wamekuja wanataka kumwona, naye anajua saa imewadia. Anasema roho yake imefadhaika. Kisha tunasikia maombi mawili yakishindana ndani yake, kwa sauti: niseme nini? Baba, uniokoe katika saa hii? Hilo la kwanza lilikuwa halali kabisa. Zaburi zimejaa ombi hilo. Hakuna mtu aliyewahi kukemewa kwa kusema "uniokoe." Lakini analiweka mezani, analiangalia, analiacha: ni kwa ajili ya hayo nilivyoifikia saa hii. Halafu analichukua lile lingine: "Baba, ulitukuze jina lako."

Na sauti ikatoka mbinguni: nimelitukuza, nami nitalitukuza tena. Lilitukuzwa wapi? Msalabani. Yule aliyetangazwa kwa Musa kuwa mwingi wa huruma, asiyemhesabia mwovu kuwa hana hatia, alionekana pale vyote viwili kwa pamoja: uovu haukufunikwa, na mwovu akapata rehema. Ndiyo sababu usiku ule wa mwisho Bwana aliweza kumwambia Baba, jina lako nimewadhihirishia watu wale ulionipa. Hakumaanisha aliwafundisha kulitamka. Waliishi naye miaka, wakaona anavyowapokea watoto, anavyokula na watoza ushuru, anavyowajibu wanaomtega, na sasa wangeona anavyokufa. Mtu aliyetaka kujua Mungu ni wa namna gani alimtazama yeye, na kwa mara ya kwanza jina halikupata waa katika aliyelibeba.

Mnaona basi gharama ya hayo maneno matatu. Anayeyasema anamruhusu Baba achague jibu litakaloliheshimu jina lake hata kama si jibu litakaloniondoa mimi kwenye saa yangu. Kwa kweli sijui kama tungeyasema kwa haraka ile kama tungekuwa tunasikiliza.

Lakini pia mnaona tumaini lake. Turudi kwa Ezekieli, mistari michache mbele. Mungu akiisha kusema atalitakasa jina lake, anaeleza atakavyofanya. Tungetarajia aseme atawafuta waliolichafua, atafute watu wengine. Anasema hivi: nitawanyunyizia maji safi, nanyi mtakuwa safi, nitawapa moyo mpya, nitautoa moyo wa jiwe uliomo ndani ya mwili wenu, nami nitawapa moyo wa nyama, nitatia roho yangu ndani yenu. Analisafisha jina kwa kuwasafisha wanaolibeba. Kwa hiyo anayeomba "jina lako litukuzwe" anajiombea mwenyewe kuoshwa, hata kama hajui.

Kabla sijaketi, kuna swali ambalo huulizwa kila tunapofundisha jambo hili, nami ningependa kulijibu mapema. Mtu akilitukana jina la Mungu hadharani, tufanye nini? Tukae kimya? Tumshambulie?

Nathani alimwambia Daudi, baada ya mambo ya Bathsheba na Uria, kwamba kwa tendo lile amewapa adui za BWANA nafasi kubwa ya kukufuru. Paulo aliwaambia wenye sheria ya Mungu mikononi kwamba jina la Mungu hutukanwa katika Mataifa kwa ajili yao. Wote wawili, walipotafuta chanzo cha matusi, walianza kutafuta nyumbani. Wapo wanaotukana kwa kiburi tu, hilo najua, na Mungu anawajua. Lakini wengi niliokutana nao, ukikaa nao saa moja bila kuhubiri, unakuta kuna mtu. Kuna mzee wa kanisa aliyechukua shamba la mjane. Kuna mwajiri aliyesali kila asubuhi na wafanyakazi wake na hakuwalipa. Kuna mchungaji aliyejua na akanyamaza. Ukimpata mtu wa namna hiyo, usianze kumtetea Mungu. Muulize ni nani aliyemtendea hivyo, msikilize mpaka amalize, na kama aliyemtendea ni mtu wa kanisa lako, basi nendeni mkalirudishe hilo shamba na kulipa huo mshahara kabla hamjamwalika kwenye ibada.

Asanteni kwa kunisikiliza.